Mtoto wa Kadi Kumi na Nne

Mfuko wa Kuwasaidia Watafiti Chipukizi wa Afya ya Watoto na Vijana ulikuwa na mwenyekiti wa miaka hamsini na minane, na jina lake ndilo lililokuwa la kwanza kwenye orodha ya machipukizi. Dakta Mugweri hakuona tatizo. Kila alipoulizwa alieleza kwamba vita vilimchelewesha: mwaka wa sabini na mbili alikaribia kuanza utafiti wake, mwaka wa sabini na tisa akakaribia tena, na mwaka wa themanini na tano akakaribia zaidi. Sasa ilikuwa tisini na moja, Jinja imetulia, wafadhili wamerudi na magari yao meupe, na mtu aliyesubiri muda wote huo angenyimwaje haki yake ya kuchipuka?

Jina la mwisho kwenye orodha hiyo lilikuwa la Namono, mke wa Zubairi fundi cherehani wa mtaa wa Walukuba. Alikuwa tabibu wa watoto, umri miaka ishirini na minane, mama wa mtoto mmoja. Utafiti wake ulihusu watoto sitini wa familia zilizokimbia vita vya Teso, waliokuwa wakilala ndani ya ghala la zamani la pamba nje kidogo ya Mbale. Swali lake lilikuwa dogo: unga wa mahindi na soya wanaopewa kila wiki unawaongezea uzito, au unawashibisha kwa saa mbili tu?

Kamati iliupenda udogo wa swali, ikampa fedha za kulingana nalo, tena kwa utaratibu wa kisasa. Unga ungetoka kwa Mfuko. Mengine yote atumie kwanza fedha zake, alete risiti, kisha arudishiwe. Wafadhili waliamini kwamba utaratibu huu unamfundisha kijana nidhamu. Kwa kuwa Namono hakuwa na fedha zake, aliyefundishwa nidhamu ni mumewe. Zubairi aliuza cherehani yake ya miguu, ile iliyofukiwa ardhini mara mbili, mara ya kwanza ili isiporwe na askari waliokuwa wakikimbia, mara ya pili ili isiporwe na waliokuwa wakiwafukuza. Ilipona vita vyote viwili. Haikupona utafiti.

Barua ya Mfuko ilifika mwezi wa tatu wa kazi. Ilisema, kwa lugha ya kupongeza, kwamba kamati inataka kuona walau asilimia sitini ya watoto wameongezeka uzito, yaani watoto thelathini na sita. Wakipatikana, Namono atarudishiwa gharama zote na kulipwa mshahara wa miaka miwili amalize utafiti wake. Wasipopatikana, fedha zitaelekezwa kwa chipukizi mwingine. Kulikuwa pia na fomu mpya yenye safu ya ziada: kuanzia sasa kila mtoto apapaswe tumbo na ukubwa wa bandama yake uandikwe. Hakuna mjumbe aliyekumbuka ni nani aliyependekeza safu hiyo. Waliona tu kwamba fomu yenye safu chache inaonekana ya kimaskini.

*

Zubairi alikuwa barazani kwa Jashbhai, kwenye barabara kuu ya Jinja. Mzee Jashbhai alikuwa amerudi mwaka huo baada ya miaka kumi na tisa, akakuta duka lake lina wapangaji watatu na kufuli la mtu asiyemjua, na tangu hapo alishinda ofisini kwa watu akithibitisha kwamba nyumba ya baba yake ni ya baba yake. Stoo alikuta cherehani moja imeota kutu. Alimpa Zubairi aitumie kwa nusu ya kila anachopata. Alikuwa mtu mwema. Nusu yake aliichukua kwa upole sana.

Mafundi wenzake pale barazani walikuwa wameacha kumwita Zubairi. Walimwita Mke wa Daktari, kwa sababu Sofia, binti yake wa miaka mitatu, alishinda chini ya meza akicheza na vipande vya vitambaa, na saa sita baba ndiye aliyemnywesha uji na kumpeleka chooni. Namono alipofika na mkoba wa safari, fundi mmoja jina lake Marjan aliinuka kumpisha.

"Karibu, bwana mkubwa," alisema. "Mkeo ameshinda salama, hakutusumbua."

Zubairi alicheka pamoja nao. Alikuwa amejifunza kuanza kucheka kabla hawajamaliza.

Aliisoma barua aliyoletewa na mkewe, mguu ukiwa bado kwenye pedeli. Akaisoma tena, kisha akauliza ni watoto wangapi walioongezeka.

"Mwezi uliopita, ishirini na wanne."

"Wanatakiwa thelathini na sita. Basi ni kumi na wawili tu, Mama Sofia." Alisema kama anayempima mteja kiuno. "Mimi suruali ikipungua kidogo naachia pindo."

"Watoto hawana pindo, Baba Sofia."

Alimweleza kwamba ushauri kama huo alikuwa ameshaupata kutoka kwa Dakta Mugweri, kwenye korido, mlango ukiwa umefungwa. Dakta alimwambia asijitese. Katika ujana wake, ambao ulikuwa unaendelea hadi siku hiyo, aliwahi kuona wilaya nzima ikichanjwa surua mezani, kwa kalamu moja, na hakuna mtoto aliyelia.

Zubairi alikunja barua kwa kufuata mikunjo yake ya zamani. Hakuwa mtu wa kugombeza. "Nenda kapime," alisema. "Ila ukiwa huko ukumbuke kwamba mimi ndiye ninayeitwa mke wa mtu."

Namono alimnyanyua Sofia kumuaga, akamfuta uji kidevuni, na kwa mazoea ya mikono yake akajua: kilo kumi na tatu na robo. Mtoto huyu hakuwa kwenye fomu yoyote. Alikuwa anakua bila kamati.

*

Mbale alipanga chumba mtaa wa Namakwekwe kwa Mama Khainza, mjane aliyelipisha kwa wiki na kila wiki kumwambia kwamba anazidi kukonda. Magunia ya unga ya Mfuko yalipangwa ukutani mpaka darini, Namono akilala kwenye upenyo uliobaki, na Mama Khainza alikuwa akiwasimulia majirani kwamba mpangaji wake analala na chakula cha watu sitini na anakunywa chai kavu. Aliyasema hayo kwa namna ya kumsifu, lakini si sana.

Asubuhi ya kupima, Namono alitundika mizani kwenye boriti ya ghala. Ilikuwa mizani yenye uso wa saa, na chini yake inaning'inia suruali ya turubai yenye matundu mawili ya miguu. Mtoto anavalishwa, anaachiwa hewani, mshale unasema. Watoto wote walikuwa wamenyolewa vipara na shirika lililopambana na chawa, hivyo walifanana kama mbegu za tunda moja.

Lugha nayo ilikuwa na mambo yake. Namono alikuwa Mgisu, akina mama ni Waiteso, na iliyowaunganisha ni Kiswahili, lugha ambayo kwenye masikio ya wanawake wale ilikuwa imeshafika kabla yake ikiwa imevaa buti za askari. Siku ya kwanza aliposema, "Pangeni mstari," walinyooka wote na wawili wakainua mikono juu. Tangu siku hiyo walimwita afande. Aliwaeleza kwa utaratibu kwamba yeye si afande, ni tabibu. Walikubali wote. "Ndiyo, afande," walisema.

Alianza kupapasa matumbo kwa ajili ya ile safu mpya. Mtoto wa tisa, aliyeandikwa kuwa na miaka miwili, alikuwa na bandama kubwa iliyoshuka vidole vinne chini ya mbavu, ngumu, na pembeni yake ilikuwa na pengo dogo kama ukingo wa sahani iliyomeguka. Macho yake yalikuwa na rangi ya chai. Kilo nane na gramu mia nne. Mtoto wa kumi na sita, kadi nyingine, jina lingine, gauni lingine, kilo nane na gramu mia nne. Alipoweka mkono tumboni, vidole vyake vilikutana na pengo lile lile.

Aliutazama uso wa mtoto. Wenzake walipovalishwa suruali ya turubai walipiga mayowe na kurusha mateke. Huyu aliinua mikono mwenyewe kabla hajaambiwa, akatoa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtu anayevaa nguo zake za kwenda kazini.

Namono alichovya pamba kwenye chupa ya dawa ya vidonda ya zambarau, akamgusa nyuma ya sikio, nukta moja. Siku ile nukta ilirudi mara tano zaidi. Kesho yake, siku ya kumalizia, ilirudi tena, mara ikiwa na shanga, mara ikiwa na shati la mvulana. Alipofunga daftari alikuwa na mtoto mmoja mwenye kadi kumi na nne, mwenye akina mama kumi na wanne, wa kike na wa kiume, mkristo na mwislamu, wa umri kati ya mwaka mmoja na nusu na minne. Ugonjwa wowote ambao kamati ingependa kuuona kwenye takwimu, mtoto huyu peke yake angeweza kuuleta.

*

Mama yake halisi aliitwa Asekenye. Namono alimtambua kwa sababu ndiye aliyekuwa akisimama siku zote mwisho wa ghala na bunda la nguo za watoto. Alimfuata huko akiwa amemshika mtoto mkono, akamwambia kwamba huyu ni wake, na kwamba leo peke yake amempima mara saba.

"Nane, afande," Asekenye alisema. "Mmoja ulimrudisha kwa sababu kadi ilikuwa imelowa."

Hakuwa anatania. Alisimama wima, akingoja adhabu ambayo kwa uzoefu wake ingekuja tu, aseme asiseme. Namono alikaa chini kwenye sakafu ili asitazamwe hivyo. Baada ya muda Asekenye naye akakaa.

Mambo yalikuwa rahisi. Unga ulitolewa kwa mtoto aliyepungukiwa uzito. Akifikisha uzito, kadi inakatwa kona na unga unakoma. Kanuni hiyo ilitungwa Jinja ili unga usipotee kwa watu wenye afya, na Namono mwenyewe ndiye aliyewasomea siku ya kwanza, kwa sauti kubwa. Basi mtoto akianza kunawiri mama yake anamficha, anakuja kwa Asekenye, anaazima mwembamba. Malipo ni kikombe kimoja cha unga kwa kila kadi, kila wiki.

"Akiumwa mnampa," Asekenye alisema. "Akipona mnamnyang'anya. Sasa mama afanye nini? Amwombee apone au aumwe?"

Namono aliuliza kama hao wengine walikuwa wamepona kweli. Asekenye akamwonyesha kwa kidevu mlango wa nyuma.

Nyuma ya ghala, kati ya ukuta na mitumba iliyooza ya pamba ya zamani, bibi mmoja mwenye fimbo alikuwa akichunga watoto wasipige kelele. Walikuwa na mashavu. Mmoja alikuwa na mikunjo miwili mapajani. Walikuwa wakirushiana kokwa la embe na kusukumana, na walipomwona mwenye koti jeupe walilala chini wote pamoja, kama walivyofundishwa na vita, matako yao ya mviringo yakibaki juu. Matokeo bora ya utafiti wa mwaka ule yalikuwa yamefichwa pale kama magendo.

Namono alihesabu. Alirudi ndani.

"Wako kumi na wawili," alisema. "Kumtoa huyu wako, kadi ni kumi na tatu."

Asekenye alikuwa akifunga bunda la nguo. "Wa kumi na tatu alikufa mvua zilipoanza," alisema. "Mama yake ana wengine wawili."

Namono alilijua jina kwenye kadi ile. Kwenye daftari lake mtoto huyo alikuwa na uzito wa mwezi wa pili na uzito wa leo.

Mtoto alikuwa amelala kwenye paja la mama yake, vidole vimevimba, anapumua kwa mdomo. Namono aliuliza jina lake la kweli, akaambiwa ni Amuge, na kwamba ana miaka minne. Akafikiri kidogo. Vikombe kumi na vitatu kila wiki, juu ya unga wa kadi yake mwenyewe: huyu alikuwa mtoto anayekula vizuri kuliko wote kambini.

"Mbona huyu hanenepi?" aliuliza.

Asekenye alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mimi ndiye nilikuwa nangoja uniambie," alisema. "Nimemleta mbele yako mara arobaini."

*

Hospitalini kulikuwa na fundi wa maabara aliyeitwa Latif, ambaye hakuwa amelipwa tangu mwezi wa pili na aliendelea kuja kazini kwa sababu nyumbani hakukuwa na hadubini. Umeme haukuwepo. Aliisogeza hadubini dirishani, akageuza kioo chake kikamate jua, akatazama tone la damu ya Amuge kwa muda mrefu, kisha akampisha Namono. Chembe zilikuwa zimejipinda kama mundu. Njaa haikuhusika. Ulikuwa ugonjwa wa damu aliozaliwa nao, na unga wa soya wa dunia nzima usingemnenepesha.

Asekenye aliuliza kama atapona. Namono alimwambia kwamba ugonjwa huu hauponi, ila zipo dawa za bei nafuu: za malaria kila wiki, na vidonge vidogo vya manjano vya damu kila siku, na anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Akishikwa na maumivu aletwe upesi. Wengi wanaokosa hayo hawafiki umri wa kwenda shule. Wakiyapata, wapo wanaofika.

Asekenye alisikiliza, akarudia mafundisho yote kwa mpangilio, bila kukosea. Kisha akauliza ni nani atakayelipa kwa kikombe kimoja kumwazima mtoto anayeanza kunawiri.

*

Jumatano Namono alirudi Jinja na kumweleza mumewe kila kitu, pale pale barazani, Marjan akisikiliza kwa kujifanya anatunga uzi kwenye sindano.

Zubairi alifika kwenye hesabu haraka. Ishirini na wanne na kumi na wawili. Uso wake ulifunguka. "Kumbe wapo," alisema. "Thelathini na sita wapo, wamejaa mashavu, tena wa kweli. Andika, Mama Sofia."

"Sijawapima. Nimewaona tu wakilala kifudifudi. Na lazima niseme walikuwa wapi."

"Useme kwamba umechezewa miezi mitatu na mtoto wa kilo nane?"

"Ndiyo."

Zubairi alishona mstari mzima wa mfuko wa shati kabla ya kujibu. Alikuwa akifikiria wakubwa wote aliowahi kusimama mbele yao na ukweli mkononi, na ni mara ngapi alirudi nao nyumbani. "Sema basi," alisema mwishoni. "Huenda na wao ni wazazi."

Kamati iliyokutana wiki mbili baadaye ilikuwa na wajumbe watano, wanne wakiwa na wajukuu. Ofisi yao ilikuwa nyumba nzuri yenye bustani, upande wa ziwani, na mkutano ulianza saa moja na nusu baada ya muda wake kwa sababu sambusa zilichelewa. Namono hakukaribishwa sambusa, kwa kuwa yeye alikuwa ajenda.

Alieleza bila kuficha. Aliomba mambo mawili: apewe wiki tatu awapime upya watoto, kila mmoja kwa mwili wake, na ile kanuni ya kukata kadi ifutwe ili mama asiogope mtoto wake kupona. Alisema kosa halikuanzia kwa akina mama. Lilianzia kwenye fomu.

Mjumbe mmoja, mzee Yekosofati, akauliza kuhusu yule mtoto aliyefariki: je, kwenye daftari alikuwa ameandikwa miongoni mwa walioongezeka, au wasioongezeka?

"Wasioongezeka."

"Basi hapo takwimu ilikuwa sahihi," mzee alisema, akarudi kwenye sambusa yake akiwa ameridhika.

Dakta Mugweri alizungumza kwa huzuni. Alimpongeza kwa uaminifu, uaminifu ukaingizwa kwenye kumbukumbu za mkutano chini ya kichwa cha udhaifu katika usimamizi. Ripoti mbili za kwanza, alikumbusha, zilikuwa zimeshasainiwa na kamati hii na kupelekwa ng'ambo. Ikijulikana kwamba ndani yake kuna mtoto mmoja mwenye majina kumi na manne, wafadhili watasema nini kuhusu wale waliozisaini? Utafiti usimamishwe leo, unga pia usimamishwe. Kuhusu risiti, zilikaguliwa: muuza sabuni alikuwa ameweka dole gumba, na dole gumba si mhuri. Hazikulipwa.

Fedha zilizobaki zilielekezwa kwa chipukizi mwingine. Dakta Mugweri alikuwa na pendekezo tayari, uchunguzi wa miaka miwili kuhusu sababu zinazowafanya watafiti chipukizi washindwe kumaliza tafiti zao. Alitoka chumbani wakati wa kupiga kura, kwa ajili ya haki, akarudi walipompigia makofi.

Mlangoni alimshika Namono bega. "Binti yangu," alimwambia, "nilikuambia nini pale koridoni?"

*

Zubairi aliposikia alizikunja nguo za wateja, akafunika cherehani ya Jashbhai kwa gunia, akamfunga Sofia mgongoni kwa kanga. Marjan alimuuliza bibi anasafiri kwenda wapi.

"Namsindikiza bwana kazini," Zubairi alijibu, na safari hii hakucheka, ikabidi Marjan acheke peke yake.

Magunia tisa yalikuwa yamebaki Namakwekwe. Kwa maandishi yalitakiwa kurudishwa Jinja kwa gari la Mfuko, gari ambalo Mfuko haukulituma. Namono na mumewe waliyapeleka ghalani kwa baiskeli za kukodi, na Mama Khainza aliyeona chumba chake kikiwa kipana ghafla akasaidia kusukuma. Waligawa unga wote kwa kila familia, mwenye kadi na asiye na kadi, mpaka gunia la mwisho likakung'utwa.

Kisha Namono akawaambia kwamba hakuna mwingine utakaokuja. Akawaambia pia sababu: kwamba yeye ndiye aliyesema. Asekenye alitafsiri kwa Kiteso kwa wasiosikia vizuri. Mwanamke mmoja alitema mate karibu na miguu ya Namono, na ndiye yule aliyebaki na wawili. Namono hakusogeza mguu. Alisema kesho asubuhi atatundika mizani kwa mara ya mwisho; hana cha kumpa mtu; anayetaka kujua mtoto wake anaendeleaje na aje.

Hakutegemea mtu. Lakini unga ulipokwisha, sababu ya kuazima mtoto nayo ilikuwa imekwisha, na hakuna mama asiyependa kusomewa uzito wa mtoto aliyenawiri. Walikuja. Walikuja na wale wa nyuma ya ghala, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, wakiwabeba mbele kama watu wanaoleta mahari. Zubairi aliwekwa kwenye kuwavalisha suruali ya turubai. Mvulana wa kwanza aliipasua mshono kwa uzito wake, watu wakacheka, Zubairi akatoa sindano kwenye kola ya shati na kuishona pale pale akinung'unika kuhusu aliyeikata. Sofia alikaa kwenye gunia tupu akimwambia kila mtoto aache kulia, yeye mwenyewe hakuwahi kulia.

Haikuwa kama kwenye hadithi za wafadhili. Familia moja ilikuwa imeondoka kurudi kwao wilaya ya Kumi, na mtoto mmoja wa wale wenye mashavu alikuwa ameharisha wiki nzima akapoteza yote. Jumla ilifika thelathini na wanne. Wawili pungufu. Namono aliandika thelathini na wanne, akapiga mstari chini yake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alijua kwamba kila aliyemwandika alikuwepo.

Mstari ulipokwisha, Asekenye alikuja mbele na Amuge. Hakuwa na bunda. Mtoto alikuwa ameshatumia vidonge vya hospitalini kwa wiki tatu, na weupe wa macho yake ulikuwa umeanza kutakata. Aliinua mikono mwenyewe, akatoa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akaning'inia akiwa ametulia.

"Jina?" Namono aliuliza kwa mazoea, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

Amuge alimgeukia mama yake na kumuuliza kitu kwa sauti ndogo. Asekenye alitazama chini.

"Anasemaje?" Zubairi aliuliza.

"Anauliza leo yeye ni nani."

Mama yule aliyetema mate jana alikuwa amesimama mlangoni na wanawe wawili. Alijifuta uso kwa ncha ya leso. Asekenye akasogea, akamnong'oneza mtoto sikioni, muda mrefu kuliko inavyohitajika kusema jina.

Mtoto alimgeukia Namono, bado ananing'inia hewani.

"Amuge," alisema.

Namono alifungua ukurasa mpya. Aliandika Amuge juu kabisa, akaongeza jina la mama yake na la kijiji chao, kisha akainua macho kwenye mshale na kungoja utulie.